Uzio wa Mafuta Kwenye Mahori ya Lamu: Namna ya Kuutega Mpaka Ushike

Kosa linalorudiwa na vikundi vingi ni moja. Uzio wa kuelea, ule wa kukinga mafuta yaliyomwagika baharini, unavutwa moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwenye mdomo wa hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), unakazwa kama kamba ya kuanikia nguo, kisha watu wanakaa kusubiri. Maji yakianza kujaa kwa nguvu, mafuta yanazama chini ya uzio, yanaibukia upande wa pili na kuingia mikokoni. Uzio wenyewe hauna tatizo. Umetegwa vibaya.

Uzio wa mafuta hauzuii mafuta kwenye maji yanayokwenda mbio. Unayaongoza. Ukiutega kwa mshazari, mafuta yanateleza kandokando yake hadi mahali mlipochagua, mkayateka huko. Hesabu zote zilizo hapa chini zinatokana na jambo hilo.

Mwongozo huu ni wa kamati za BMU (vikundi vya usimamizi wa fukwe), manahodha na vijana wa kujitolea kuanzia Mkanda hadi Kiunga. Wenzetu wa Malindi na Mida wanaweza kuutumia pia, mradi wapime mkondo wao wenyewe.

## Kwa nini kazi hii inawaangukia wenye mashua

Meli za kukusanya mafuta zinahitaji kina. Mahori yetu hayana. Kijito cha kwenda Takwa au mkondo wa kuingia Siyu hupitika maji yakijaa. Yakitoka ni tope na mizizi. Kinga ya mahali kama hapo hubebwa na chombo chepesi na watu wanaojua mchanga ulipo.

Bahari zenye mafuta na kina kidogo zina shida hii kila mahali. Kwenye uwanja wa mafuta wa Kashagan, kaskazini mwa Bahari ya Kaspi, maji yana kina cha mita 3 hadi 4 tu na huganda wakati wa baridi, hivyo wachimbaji walilazimika kujenga visiwa vya mawe ili wachimbe juu yake, na kutumia meli zenye tumbo fupi za kuvunja barafu. Huko mafuta yakivuja chini ya barafu, uzio wa aina hii hauna kazi. Sisi barafu hatuna. Tuna maji yanayogeuka kila baada ya saa sita na kidogo, na mkondo ambao watu hushindwa kuuhesabu.

## Vifaa

Orodha hii ni ya hori lenye upana wa mita 60 maji yakijaa, kina cha mita 4, na mkondo wa noti 1.5. (Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, karibu nusu mita kwa sekunde.) Hori lenu likiwa tofauti, hesabu iko hatua ya 3.

- Uzio wa kuelea: vipande 11 vya mita 15. Sketi, yaani sehemu inayozama, iwe sentimita 30. Sehemu ya juu ya maji sentimita 20.
- Uzio wa ukingoni: vipande 2 vya mita 10, vile vyenye mirija miwili ya kujazwa maji chini na mmoja wa hewa juu.
- Nanga 9 za kilo 35, nanga 5 za kilo 25, na 2 za akiba.
- Mnyororo mita 2 kwa kila nanga.
- Kamba ya nailoni ya milimita 16, mita 450.
- Maboya 32, mawili kwa kila nanga.
- Nguzo 4 imara zenye pete za chuma zinazoweza kupanda na kushuka.
- Mashua 2, mojawapo yenye mashine ya nguvu za farasi 40, na mtumbwi mmoja.
- Pampu ya kiwambo, mapipa ya lita 200, na maturubai mazito.
- Sufi au makumbi ya nazi, yaliyofungwa kwenye vipande vya nyavu kuukuu.
- Glovu za nitraili, mabuti, miwani ya kukinga macho na jaketi okozi kwa kila mtu.
- Kamba ya kupimia ya mita 30, saa yenye sekunde, machungwa machache, na gunia la kumvi za mpunga au bisi.

Mtashawishika kutafuta uzio wenye sketi ndefu mkidhani utashika zaidi. Kwenye hori ni hasara. Sketi ndefu inavutwa zaidi na maji, inahitaji nanga nzito zaidi, na ikikaribia sakafu inayabana maji yapite chini kwa kasi, yakichukua mafuta.

Nguzo zinunuliwe kwa wenye kibali. Kukata mikoko hai ili kulinda mikoko ni kichekesho, na ni kosa la sheria.

## Hatua ya 1: Toeni taarifa, mjue ni mafuta gani

Taarifa iende Mamlaka ya Bahari ya Kenya na ofisi ya bandari kabla ya kamba yoyote kuguswa, na Huduma ya Misitu ijulishwe kwa kuwa mikoko ni msitu wa umma. Semeni mahali, saa, rangi ya mafuta, upana wa doa na linakoelekea.

Kisha ulizeni ni mafuta ya aina gani. Kama ni petroli, msitege uzio. Petroli huvukiza upesi, na kuikusanya mahali pamoja ni kukusanya mvuke unaolipuka. Kaeni mbali, upande upepo unakotoka, mzime mashine na sigara. Mafuta ghafi mabichi nayo yana mvuke wa sumu saa za mwanzo. Mtu akianza kuumwa kichwa au kizunguzungu, kikosi kizima kiondoke.

Ili kukadiria mafuta yatafika lini: doa huenda na mkondo kwa kasi yake yote, likiongezewa karibu asilimia 3 ya kasi ya upepo. Kusi ya noti 20 inalisukuma kwa noti 0.6 hata maji yakiwa yamesimama.

## Hatua ya 2: Pimeni mkondo mahali patatu

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa, na ndiyo hatua ambayo watu huiruka.

Wekeni alama mbili ukingoni, umbali wa mita 30. Tupeni chungwa katikati ya hori, juu kidogo ya alama ya kwanza. Chungwa linafaa kwa sababu karibu lote limo majini. Chupa tupu itasukumwa na upepo iwadanganye. Hesabuni sekunde kutoka alama hadi alama. Gawanyeni 58 kwa sekunde hizo, mtapata noti. Sekunde 83 ni noti 0.7. Sekunde 58 ni noti 1, 39 ni noti 1.5, na 29 ni noti 2.

Pimeni saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kujaa, kwa maana hapo ndipo yanapokwenda kasi kuliko saa zote. Na pimeni siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Kipimo cha maji mafu, siku ambazo maji hayapandi sana, kitawapa uzio unaoshika wiki hii na kushindwa wiki ijayo.

Rudieni mahali patatu: mdomoni, mita 100 au 200 ndani, na pale hori linapopanuka. Wengi hukimbilia pembamba wakidhani wanaokoa uzio. Angalieni hesabu (kanuni yake iko hatua ya 3): mahali penye upana wa mita 40 na mkondo wa noti 2.5 panahitaji uzio wa mita 143. Mahali penye upana wa mita 70 na mkondo wa noti 1 panahitaji mita 100. Papana pameshinda, tena nguvu inayovuta nanga imepungua mara sita na zaidi kwa kila mita ya mraba ya sketi.

Dalili ya kufaulu: mna vipimo vitatu kwa kila mahali, vinavyokaribiana, vimeandikwa pamoja na tarehe na saa.

## Hatua ya 3: Hesabuni mshazari na urefu

Mafuta huanza kupita chini ya uzio pale mkondo unaoupiga kwa mraba, yaani kwa nyuzi 90, unapozidi noti 0.7. Sketi iwe nzuri namna gani, kikomo ni hicho. Uzio ukilazwa, sehemu ya mkondo inayoupiga kwa mraba inapungua, iliyobaki inateleza kandokando. Lazeni hivi, nyuzi zikipimwa kati ya uzio na uelekeo wa mkondo:

- Noti 0.7 au chini: unaweza kuvuka moja kwa moja.
- Noti 1: nyuzi 45.
- Noti 1.5: nyuzi 28.
- Noti 2: nyuzi 20.
- Noti 3: nyuzi 13.

Urefu wa uzio ni upana wa hori mara noti, gawanya kwa 0.7. Kwa mfano wetu: 60 × 1.5 ÷ 0.7 ni karibu mita 129. Ongezeni karibu sehemu moja ya sita kwa ajili ya mbetuko na ncha, mpate mita 150, yaani vipande 10. Cha 11 ni cha kufungia mlango, tutakifikia.

Hakuna haja ya chombo cha kupima nyuzi. Simameni mkabala na ncha ya kwanza, ile ya upande wa bahari, ng'ambo ya pili, mpime kwa hatua kando ya ukingo kuelekea ndani ya hori: kwa noti 1, umbali sawa na upana, kwa noti 1.5, upana mara 1.9; kwa noti 2, upana mara 2.7. Hori letu la mita 60 linataka mita 114. Hapo ndipo nguzo ya ncha ya pili.

Ukingo upi uwe wa ncha ya pili ndilo swali zito, kwa kuwa mafuta yote yataishia hapo. Chagueni wenye mchanga mgumu, maji yaliyotulia, na njia ya kupitisha mapipa. Ukingo wenye mchu uepukeni kabisa: mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza kwenye tope, na mafuta yakivipaka mti hukosa pumzi.

Mkondo ukizidi noti 2, msitegemee uzio mmoja. Tegeni vipande vifupi viwili au vitatu vilivyopishana, kila kimoja kikipokea kilichoponyoka kwa mwenzake, au tafuteni mahali pengine.

## Hatua ya 4: Nguzo na ncha za ukingoni

Tundu kubwa huwa ukingoni. Bamvua maji ya Lamu hupanda na kushuka karibu mita 3. Uzio uliofungwa kwa fundo kwenye mti unaning'inia maji yakitoka, na kuzama yakijaa.

Simikeni nguzo mbili kila upande, moja nyuma ya nyingine, zizame angalau mita 1.5 kwenye tope. Ncha ya uzio ifungwe kwenye pete inayopanda na kushuka na maji. Pakeni nguzo grisi kidogo ili pete isikwame.

Kuanzia hapo hadi mstari wa juu wa maji, lazeni uzio wa ukingoni. Ondoeni kwanza mawe, chaza na mizizi iliyovunjika chini yake. Jazeni mirija ya chini maji, si hewa, ndipo ule wa juu ujazwe hewa. Ukiwekwa hewa yote, utaelea na kuacha mwanya.

Dalili ya kufaulu: maji yakitoka, mirija ya chini imelala kwenye tope bila mwanga kuonekana chini yake.

## Hatua ya 5: Nanga

Nguvu ya maji kwenye uzio, kwa kilo, ni 26 × eneo la sketi linalokabili mkondo kwa mita za mraba × noti × noti. Kipande cha mita 15 kilicholazwa nyuzi 28 kinakabili mkondo kwa mita 7. Sketi ya mita 0.3 inatoa eneo la 2.1. Basi 26 × 2.1 × 1.5 × 1.5 ni kilo 120 na ushee kwa kila nanga.

Nanga ya kilo 15 hushika karibu kilo 200 kwenye tope na 250 kwenye mchanga. Ya kilo 25, karibu 350 na 400. Ya kilo 35, karibu 600 na 700. Upande wa bahari tumeweka za kilo 35, moja kwenye kila kiungo, ili pabaki akiba kubwa kwa ajili ya upepo na mawimbi. Za kilo 25 zinakaa upande wa ndani, kila baada ya kiungo kimoja, kushikilia uzio maji yakigeuka. Viwango hivi ni vya nanga za mabawa. Jiwe la kufungia mashua halishiki hivyo, hata likiwa zito.

Kamba ya nanga iwe mara 5 ya kina maji yakijaa: kina cha mita 4, kamba ya mita 20. Ikiwa fupi, nanga inavutwa juu na kung'oka. Kati ya kamba na uzio wekeni boya, ili kamba ivute boya na sio kuuzamisha uzio. Boya la pili lifungwe kwa kamba nyembamba kwenye kichwa cha nanga. Bila hilo, kung'oa nanga topeni kutawachukua nusu siku.

Dalili ya kufaulu: mashua ikivuta kamba polepole kwa mashine, boya linatikisika lakini halihami.

## Hatua ya 6: Tandazeni maji yakiwa yamejaa na kusimama

Wengi hungoja maji yatoke yote wakidhani kazi itakuwa rahisi. Matokeo yake mashua inakwama na uzio unaburutwa kwenye matumbawe. Tegeni maji yakiwa juu. Saa moja kabla hayajajaa kabisa, shusheni nanga zote na maboya yake. Uzio uwe umeunganishwa na kukunjwa tayari ndani ya mashua. Maji yakisimama mna kama dakika 20: anzeni ncha ya upande wa bahari, mashua iende polepole kuelekea ncha ya ndani, mtumbwi ukifuata nyuma kuufunga uzio kwenye maboya.

Kisha maji yatatoka, nanyi mna saa sita za kukagua nguzo na kuziba ukingoni kabla hayajaanza kuingia tena. Mafuta yakiwa karibu kuliko hapo, tandazeni kwa haraka na mkubali kurekebisha baadaye.

Msiwashe mashine juu ya uzio, na mtu asisimame ndani ya duara la kamba. Usiku msitandaze.

## Hatua ya 7: Jaribuni kwa kumvi

Mwageni kumvi au bisi mita 30 mbele ya uzio, upande maji yanakotoka, wakati mkondo una nguvu. Zikiteleza hadi ncha ya ndani na kukusanyika, mmefaulu.

Zikisimama katikati, uzio una tumbo: pale katikati umekuwa mraba na mkondo. Kazeni nanga mbili za jirani. Zikizama na kuibukia nyuma, mshazari hautoshi. Sogezeni ncha ya ndani mbele zaidi, kuelekea ndani ya hori. Sketi ikilala juu ya maji, kamba imekazwa kupita kiasi au mnyororo wa uzito wa chini umekatika. Mawimbi yakivuka juu, upepo umegeuka, na pengine mahali si pazuri kwa kusi ingawa panafaa kwa kaskazi.

Mizunguko midogo ya maji nyuma ya uzio ni onyo la mapema: mkondo umekaribia kushinda, ingawa kumvi bado hazijapita.

## Hatua ya 8: Tekeni kabla maji hayajageuka

Mafuta yaliyokusanyika hayawangoji. Maji yakianza kutoka, yataondoka nayo na kurudi baharini au kwenye hori la jirani. Nusu saa kabla maji hayajajaa, fungeni mlango: kile kipande cha 11 kizungushwe mbele ya ncha ya ndani, yabaki kwenye kidimbwi.

Tumieni pampu ya kiwambo. Pampu ya kawaida ya shamba inayapiga mafuta na maji pamoja mpaka yanakuwa uji mzito wa kahawia, ambao unaweza kufika mara 3 au 4 ya ujazo wa mafuta yenyewe. Mapipa yatajaa haraka kuliko mlivyopanga. Wekeni ya akiba.

Utando mwembamba uliobaki unyonyeni kwa sufi. Sufi inashika mafuta na kuyakataa maji, ingawa lazima iwe ndani ya wavu, la sivyo itakuwa taka nyingine. Makumbi yanafaa pia, ila hulowa maji mapema.

Sabuni ya unga msiitie. Inalifanya doa lipotee machoni na kuliingiza topeni. Dawa za kutawanya mafuta ni uamuzi wa mamlaka, na kwenye hori la mikoko lenye maji haba si mahali pake.

Mafuta machache yakiponyoka na kuingia mikokoni, msiyafuate kwa miguu. Nyayo zinayashindilia kwenye tope, ambako hukaa miaka. Fanyeni kazi kutoka kwenye mtumbwi maji yakiwa juu, na mengine muyaache yasafishwe na maji yenyewe.

## Hatua ya 9: Zamu, kisha kung'oa

Mtu mmoja aangalie uzio kila maji yanapogeuka, mchana na usiku, akiwa ukingoni na tochi. Anaangalia vitu vitatu: pete zinapanda, maboya yako kwenye mstari, na magogo au mwani haujakwama. Gogo moja la mkoko linatosha kuchana kiungo.

Taka zote, pamoja na glovu na sufi, ziwekwe juu ya turubai, mbali na mstari wa bamvua, zingoje mchukuzi mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira. Kuchoma na kufukia hapana.

Uzio usuguliwe kwa mafuta ya kupikia na brashi, uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ukaushwe kivulini. Jua la Lamu hupasua ngozi yake kabla bahari haijaigusa. Uhifadhini umekunjwa laza kwa laza juu ya mbao, viungo vikiwa nje mviangalie kila robo mwaka, na paka wawe karibu, maana panya wanapenda kujenga ndani yake.